Ramani ya Kanada Inawasingizia Wapigakura

Alberta ni ya Conservative, Toronto ni ya Liberal, Quebec ina mambo yake. Ndivyo wanavyosema wachambuzi wa Ottawa, ndivyo wanavyorudia watangazaji wetu wanaposoma habari za dunia, na ndivyo watakavyokujibu hata ndugu zetu waliohamia Edmonton na Calgary ukiwapigia simu wakati wa uchaguzi: huku usijisumbue, matokeo yanajulikana. Imani hiyo imezaa nyingine, kwamba Kanada ni makabila matatu manne yaliyofungwa chini ya bendera moja, kila kabila na chama chake, na kwamba chama kidogo kinachoomba kura nchi nzima kinatwanga maji kwenye kinu.

Siikubali. Makabila hayo yametengenezwa na namna kura zinavyogeuzwa kuwa viti.

Tuanze na Alberta yenyewe. Katika uchaguzi wa Aprili 2025 Conservative walichukua viti 34 kati ya 37. Ukihesabu viti, hiyo ni asilimia 92 ya mkoa. Ukihesabu watu, ni karibu asilimia 64. Zaidi ya robo ya wapigakura waliwapa Liberal kura zao, wakaambulia viti viwili. Lakini ramani haina rangi ya robo, kwa hiyo televisheni zikaonyesha mkoa mzima umepakwa buluu na vidoa vitatu tu.

Msomaji wa Tanzania au Kenya hahitaji kuelezwa sana, maana sisi na Wakanada tuliurithi utaratibu huu kwa Mwingereza yuleyule: anayeongoza jimboni, hata kwa kura moja, anachukua kiti, na waliobaki wanarudi nyumbani mikono mitupu. Nasi tuna ngome zetu, na tumezoea kuzitaja kana kwamba ziliumbwa pamoja na milima.

Mwaka 1980 ndio unaofundisha zaidi. Pierre Trudeau wa Liberal alirudi madarakani mwezi Februari akiwa na viti 74 kati ya 75 vya Quebec. Magharibi mwa Ontario chama chake kilipata viti viwili, vyote Manitoba. Utadhani watu wa huko walimkataa katakata. Hapana. Katika Alberta, Saskatchewan na British Columbia zaidi ya mtu mmoja kati ya watano aliwapigia Liberal kura, na mikoa hiyo mitatu kwa pamoja haikuwapa hata mbunge mmoja. Trudeau alipotaka mawaziri wa kutoka huko ikabidi awachukue kwenye Seneti, watu wa kuteuliwa ambao hakuna jimbo lililowachagua. Oktoba mwaka uleule serikali yake ikatangaza Mpango wa Taifa wa Nishati, uliodhibiti bei ya mafuta na kuongeza kodi juu yake, na Alberta ikawaka. Kidonda hicho hakijapona hadi leo. Sasa jiulize: mpango huo ungepita vilevile kama ndani ya chama kungekuwa na wabunge wanane au kumi wa Liberal kutoka Calgary na Edmonton, watu wanaojua kwamba Ijumaa watarudi jimboni kuwaangalia wapigakura usoni?

Sisemi manung'uniko ya magharibi ni ya kubuni. Alberta haijapokea fedha za kusawazisha mapato ya mikoa tangu miaka ya 1960, wakati walipakodi wake wanachangia hazina inayozitoa, na mabishano ya mabomba ya mafuta ni ya kweli. Ninachokataa ni kumgeuza kila mkazi wa Alberta kuwa mnung'unikaji, na kila mkazi wa Toronto kuwa adui yake.

Tena utaratibu huu unawapa wanasiasa somo baya. Mwaka 2025 Bloc Québécois, inayogombea Quebec peke yake, ilipata asilimia 6.3 ya kura zote za nchi. Chama cha New Democratic (NDP), kinachogombea kila pembe, nacho kilipata asilimia 6.3. Bloc ikapewa viti 22, NDP saba. Mwaka 1993 ilikuwa kituko zaidi: Progressive Conservative ya Kim Campbell ilipata asilimia 16 ya kura, zikiwa zimetawanyika nchi nzima, ikabaki na viti viwili katika Bunge la watu 295. Bloc, kwa asilimia 13.5, ikapata viti 54 na kuwa upinzani rasmi. Chama kinachotaka kuivunja nchi kikawa ndicho cha kuisimamia serikali ya nchi! Kiongozi yeyote mwenye akili timamu akitazama hesabu hiyo ataelewa kwamba faida iko kwenye kuchochea hasira ya mkoa mmoja, na kwamba kuzungumza na nchi nzima ni hasara.

Katika uchaguzi huohuo Reform ya Preston Manning iliitwa chama cha magharibi, kwa sababu viti vyake vyote 52, isipokuwa kimoja, vilitoka huko. Lakini Ontario karibu mtu mmoja kati ya watano aliichagua Reform. Ikapata kiti kimoja kati ya 99. Watu hao wa Ontario walifutwa kwenye ramani, na Reform ikabandikwa jina la ukanda.

Kuhusu Quebec, mwaka 2008 Bloc ilishinda viti 49 kati ya 75 vya mkoa huo kwa asilimia 38 ya kura. Mwaka 2011, kwa asilimia 23, ikabakiwa na viti vinne, huku NDP ya Jack Layton ikitoka kiti kimoja hadi 59. Magazeti yakaandika maziko ya utaifa wa Quebec. Karibu robo ya wapigakura walikuwa bado palepale.

Ndipo wanakuja wenye busara na kumwambia mpigakura: basi usiipoteze kura yako, chagua mkubwa asiyekuudhi sana. Ushauri huo ulisaidia kuimaliza NDP mwaka 2025, ilipoanguka kutoka viti 25. Hao wenye busara wanasahau pensheni ya wazee ilitoka wapi. Mwaka 1926 wabunge wawili tu wa upande wa wafanyakazi, J.S. Woodsworth na A.A. Heaps, walimbana waziri mkuu Mackenzie King aliyekuwa akihitaji kura zao, na sheria ikapita 1927. Mpango wa matibabu ya meno nao ulitokana na makubaliano ya Machi 2022 kati ya Liberal na hiyohiyo NDP ya viti 25.

Watetezi wa utaratibu uliopo hujibu kwamba unaleta serikali imara. Uimara upi? Chaguzi za 2004, 2006, 2008, 2019 na 2021 hazikumpa mtu wingi wa viti. Hoja yao yenye uzito ni nyingine: British Columbia ilipiga kura ya maoni 2009 na 2018, ikakataa mabadiliko. Kweli. Ila 2005 asilimia 57.7 waliyakubali, na yakakwama kwa sababu kizingiti kiliwekwa asilimia 60.

Justin Trudeau aliahidi kwamba uchaguzi wa 2015 ungekuwa wa mwisho kwa utaratibu huu. Februari 2017 akaitupa ahadi yake. Mwaka 2019 akabaki waziri mkuu ingawa Conservative walimzidi kwa kura, na kati ya Winnipeg na milima ya Rocky hakubakiwa na mbunge hata mmoja. Akamteua Jim Carr, mbunge wa Winnipeg, awe mjumbe wake maalumu kwa mikoa ya nyanda hizo. Katika Alberta na Saskatchewan watu zaidi ya 300,000 walikuwa wamewapigia Liberal kura.