Wajukuu wa manamba: Kwa nini historia ya kambi za mkonge ni suala la leo

Katika kipindi chetu kimoja cha jioni tuliuliza swali jepesi: ngoma ya kwenu ni ipi? Simu zilikuja nyingi kutoka Lushoto, Bumbuli, Korogwe na Muheza. Kisha akapiga mama mmoja kutoka kambi ya mkonge upande wa Magoma. Akasalimia vizuri, halafu akasema: "Mwanangu, mimi unaniuliza kwetu, kwetu wapi? Babu alitoka Songea, bibi Iringa, mume wangu baba yake Mrundi. Mimi nimezaliwa hapa hapa kambini."

Studio tulicheka kidogo, na yeye akacheka. Lakini swali lake halikuwa la kuchekesha. Magoma iko bonde la Lwengera, wilaya ya Korogwe, chini ya milima ya Usambara. Ukiuliza wenyeji wa eneo hili utaambiwa Wasambaa, Wazigua na Wabondei. Ni kweli, ila kuna jamii nyingine iliyokaa hapa kwa vizazi vitatu au vinne na ambayo mara chache hutajwa. Ni wajukuu wa manamba.

Walifikaje hapa?

Mkonge si mmea wa kwetu. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Asili ya mmea huo ni Mexico, na jina la Kizungu la mkonge limetokana na bandari ya Sisal huko Yucatán. Kutoka miche hiyo 62 Tanganyika ikaja kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani.

Mashamba yalihitaji watu wengi, na wenyeji wa milimani walikuwa na mashamba yao ya kulima. Wenye mkonge wakatafuta mbali. Mwaka 1944 wakaanzisha ofisi yao ya kuajiri vibarua, maarufu kama SILABU. Watu wakaletwa kutoka Songea, Iringa, Njombe, Tabora, Kigoma, na hata Burundi na ng'ambo ya mto Ruvuma. Kila mmoja aliandikwa kwa namba, ndipo lilipotoka jina manamba. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Kadi isipojaa, mshahara haujatimia.

Wengi walikuja kwa mkataba wakitarajia kurudi. Wengine walirudi. Wengine walioa, wakazika, wakabaki.

Maisha yaliyojengwa kambini

Kumbukumbu za serikali na za mashamba zinatuambia tani ngapi zilitoka korona. Hazituambii sana watu waliishije baada ya king'ora cha jioni. Hayo yamebaki kwa wazee.

Kambini watu wa sehemu moja walikaa jirani na kusaidiana. Wangoni walikuja na lizombe, Wamakonde na sindimba, na siku za mapumziko ngoma zilishindana. Mtu akifiwa, wa kwao walichanga sanda na ubao. Asipokuwa na wa kwao, watani walibeba msiba. Kiswahili kikawa lugha ya nyumbani, si ya sokoni tu, kwa sababu baba na mama mara nyingi hawakuwa na lugha nyingine ya kuelewana. Tunaposema Kiswahili kimeunganisha taifa, kambi za mkonge ni moja ya sehemu ambako kazi hiyo ilifanyika kweli.

Tena hawakuwa watu wa kunyamaza. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mashamba ya mkonge yalikumbwa na migomo mikubwa, na chama cha wafanyakazi wa mashamba kikawa na nguvu katika miaka ile ya kuelekea Uhuru.

Hata hivyo neno manamba limebaki kama tusi. Mtoto akichafuka shuleni huambiwa anafanana na manamba. Msichana akiposwa na kijana wa kambini, ndugu huuliza: "Huyo ukoo wake unajulikana?"

Wenzao wa upande wa pili

Kule ulikotoka mkonge nako watu waliondoka kwao kufuata mashamba ya wengine. Wamexico na jirani zao walivuka kwenda Marekani kuvuna mboga na zabibu California. Leo wao na wenzao wenye asili ya Amerika ya Kilatini huitwa Walatino. Ni jina moja lililofunika mataifa mengi, kama manamba lilivyofunika makabila mengi.

Tofauti ni kilichofuata. Mwaka 1962 Cesar Chavez na Dolores Huerta walianzisha chama cha wafanyakazi wa mashambani huko California. Mwaka 1983 harakati hizo zikazaa redio, Radio Campesina, iliyotangaza kwa Kihispania muziki wa wavunaji pamoja na habari za haki zao. Watu wale walianza kujisimulia wenyewe. Katika sensa ya Marekani ya 2020 waliojitaja kuwa na asili hiyo walikuwa milioni 62. Wanasiasa huwatafuta kwa kura.

Sisi hatuhesabu makabila. Sensa ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa ya 1967, na sababu ya kuacha ilikuwa nzuri: kujenga taifa moja. Sipendekezi turudi huko. Lakini kutohesabu kabila hakuna maana ya kutowaona watu.

Kwa nini sasa?

Kwa sababu mkonge unarudi. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 230,000. Kisha zikaja nyuzi za plastiki, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na kufika mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi karibu tani 20,000. Kuanzia 1999 wakulima wadogo wakaanza kupewa vipande ndani ya mashamba makubwa ya Korogwe, na Magoma ikawa na chama chake cha ushirika, AMCOS. Miaka ya karibuni Serikali imeuweka mkonge kati ya mazao ya kimkakati, ikatangaza lengo la tani 120,000 ifikapo 2025.

Zao likipanda thamani, ardhi nayo hupanda. Hapo ndipo swali la yule mama linapokuwa zito. Shamba kubwa lina hatimiliki yake, nje ya ardhi ya kijiji inayosimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Nyumba ya kambi kwa kawaida ni mali ya shamba. Mtu anaweza kuishi humo miaka 50, akazika wazazi wake humo, na bado asiwe na kiwanja. Msambaa aliyekosa kazi bondeni anapanda mlima kwenye shamba la ukoo. Mjukuu wa manamba anapanda wapi? Akienda Songea atakuta watu wasiomjua hata kwa sura.

Kwa hiyo historia hapa ni ushahidi. Makaburi, majina ya kambi, kadi za kazi zilizohifadhiwa kwenye masanduku na simulizi za wazee vinaonyesha nani amekaa wapi na tangu lini. Mkutano wa kijiji au wa ushirika ukijadili ugawaji wa ardhi bila kuyajua hayo, mgeni mwenye fedha na mzaliwa wa kambini wataonekana sawa: wote "wa kuja".

Wazee waliowahi kushika kipande wenyewe wamebaki wachache. Nyumbani kwako kama yupo mmoja, mpe shikamoo, kaa naye, muulize alitoka wapi, alikuja na nani na walizikwa wapi. Andika au rekodi kwa simu. Kadi ya zamani usiitupe.

Yule mama nilimuuliza mwishoni anataka tumpigie ngoma gani. Akasema: "Yoyote ile mwanangu, zote tumezicheza hapa."