Siri ya Mwenye Shida ni Amana

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, Mwenye kusitiri aibu za waja Wake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, wazazi wetu na wanafunzi wetu wapenzi, misikiti na madrasa nyingi siku hizi zina ofisi au kamati ya ushauri nasaha. Wanakuja wanandoa waliokosana, vijana walioingia katika ulevi, wajane wanaodhulumiwa mirathi, na wanafunzi wenye huzuni wasiyoweza kuisema nyumbani. Hilo ni jambo la kheri. Lakini kuna suala ambalo halizungumzwi vya kutosha: yale maneno aliyoyatoa mwenye shida, baada ya yeye kuondoka, yanakwenda wapi? Yanaandikwa wapi, yanasomwa na nani, na yanakaa muda gani? Rai yetu ni kwamba ofisi isiyoweza kujibu maswali haya haijawa tayari kufungua mlango wake.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mgonjwa hatibiwi kwa kuficha ugonjwa, na mwenye dhiki hashauriki kwa kunyamaza. Dini yetu imelielewa hilo. Kusengenya ni haramu, na Surat al-Hujurat, aya ya 12, imelikemea vikali pamoja na upelelezi wa aibu za watu. Hata hivyo Hind bint Utba (R.A.) alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) akamlalamikia ubahili wa mumewe, Abu Sufyan, wala hakukatazwa kusema, bali alipewa jawabu. Imam Nawawi, katika Riyadh as-Salihin, ameihesabu hali ya kutafuta fatwa miongoni mwa hali sita ambazo kumtaja mtu kunaruhusiwa. Basi tufahamu kwamba ruhusa hii imetolewa kwa haja, na inaishia pale haja inapoishia. Mke anaruhusiwa kumweleza mshauri habari za mumewe. Mshauri haruhusiwi kuzichukua habari zile akazipeleka barazani. Yeye amepokea amana tu, na amana si mali yake.

Katika hadithi waliyoipokea Abu Dawud na Tirmidhi, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mtu akizungumza nawe kisha akageuka kutazama pembeni, mazungumzo yale yamekuwa amana. Tazameni uzito wa jambo hili. Mtu yule hakusema neno "usimwambie mtu". Kugeuka kwake tu kumetosha. Je, huyo aliyefunga mlango, akakaa mbele ya mshauri na kulia, hakugeuka?

Na masahaba walilitekeleza hili wakubwa kwa wadogo. Anas bin Malik (R.A.) alikuwa bado mtoto alipotumwa na Mtume (S.A.W.) akachelewa kurudi kwa mama yake. Mama alipouliza ni haja gani aliyotumwa, Anas alijibu kuwa ni siri. Mama hakukasirika wala hakumbana, bali alimuusia asimwambie mtu yeyote siri ya Mtume. Naye Abu Bakr (R.A.), Umar (R.A.) alipomwendea kumpa binti yake Hafsa amwoe, alinyamaza kimya hata Umar akaingiwa na uchungu. Baada ya Mtume (S.A.W.) kumwoa Hafsa ndipo Abu Bakr alipoeleza: alikuwa anajua kwamba Mtume amemtaja, na hakutaka kuifichua siri yake. Alikubali rafiki yake amkasirikie kuliko kuivunja amana.

Sasa tutazame hali zetu. Siri nyingi hazitolewi na adui. Hutolewa na mtu mwema asiye na hadhari. Daftari la kesi linaachwa juu ya meza, na anayekuja kulipa ada anasoma majina. Mtu anaomba dua kwa ajili ya familia fulani katika kundi la WhatsApp, na ndani ya saa moja mtaa mzima unajua fulani na mkewe wamefika wapi. Simu ya mshauri inachezewa na watoto nyumbani, na ndani yake mna sauti ya mama aliyekuwa analia. Mwenye darsa anasema "kuna dada mmoja hapa hapa mtaani", jina hakulitaja, lakini ametaja idadi ya watoto na kazi ya mume, na akina mama wanatazamana. Kuficha jina peke yake si sitara.

Wapo watakaosema kuwa haya ni mambo ya uswahilini kwetu, na kwamba wenzetu wenye kompyuta wameyamaliza. Hapana. Nchini Finland kulikuwa na kampuni ya tiba ya nafsi iitwayo Vastaamo. Wateja walizungumza na wataalamu wao, na yaliyosemwa yakaandikwa katika kompyuta ambazo hazikulindwa ipasavyo. Kumbukumbu za watu wapatao 33,000 ziliibiwa. Mwaka 2020 mwizi alianza kuzitoa hadharani, kisha akawaandikia wateja wenyewe mmoja mmoja akiwadai pesa ili asitoe siri zao. Mwaka 2021 kampuni ilifilisika, na mwezi wa Aprili 2024 mahakama ilimhukumu mtu mmoja kifungo cha miaka sita na miezi mitatu. Mhalifu anaweza kufungwa, lakini siri iliyokwisha kusomwa hairudi kifuani. Funzo kwetu ni jepesi: kisichoandikwa hakiibiwi, na kilichochomwa baada ya haja kwisha hakisomwi.

Sheria za nchi nazo zimesema. Hapa Tanzania ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ikaundwa Tume ya kuisimamia. Kwa ufupi inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo linalojulikana, zisizidi kiasi kinachohitajika, zilindwe, na zisikae kuliko haja. Habari za afya na za watoto zimewekewa uangalizi zaidi. Na kabla ya hapo, Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 ilikwisha kuamuru kwamba majibu ya vipimo vya mtu ni siri. Muislamu anayeijua hadithi ya amana hapaswi kuzipokea sheria hizi kama mzigo wa kigeni.

Kwa hiyo tunapendekeza kila ofisi ya ushauri iliyo chini ya msikiti au madrasa ijiwekee utaratibu huu, uandikwe na ubandikwe ukutani.

Kwanza, mwenye shida aambiwe mwanzoni, kabla hajasema neno, ni nani atakayejua habari zake na ni hali gani itakayomlazimu mshauri kuzifikisha kwa mwingine.

Pili, kiandikwe kile tu kitakachomsaidia mshauri kukumbuka, na ukurasa uwe na namba badala ya jina. Orodha ya majina na namba ikae mahali pengine. Karatasi zifungiwe kabatini kwa ufunguo, na ufunguo uwe na mtu anayejulikana.

Tatu, sheikh akitaka rai ya sheikh mwenzake, aulize suala bila kumtaja mtu. Ikilazimu kumtaja, amuombe mwenyewe idhini.

Nne, habari za kesi zisitumwe katika makundi ya simu, hata kwa nia ya kuombeana dua. Allah (S.W.) anamjua mja Wake bila kutajiwa jina la mtaa.

Tano, kesi ikiisha na muda uliopangwa ukapita, karatasi ziharibiwe mbele ya mashahidi wawili.

Wapo wazee wetu watakaouliza: je, mzazi hana haki ya kujua kila alichosema mwanawe? Na kamati inayolipia ofisi, haina haki ya kusoma daftari? Tunawaheshimu, na tunajibu hivi. Kamati ina haki ya kujua ni watu wangapi wamehudumiwa na pesa zimetumikaje. Majina hayaisaidii kitu. Ama mzazi, haki yake ni kubwa, na mshauri mwema humhimiza mtoto azungumze na wazazi wake, tena hukaa nao pamoja. Lakini mtoto akijua kwamba kila neno litafika nyumbani kabla yake, hatanyamaza tu kwa mshauri. Atakwenda kusema kwa wale wa kijiweni, nao hawana amana wala elimu.

Hata hivyo, tusichanganye sitara na dhulma. Mtoto akisema kwamba anapigwa hadi kuumizwa, au kwamba kuna mtu anamgusa kwa namna isiyo halali, hiyo si siri ya kufukiwa ili kulinda jina la ukoo, la madrasa au la mwalimu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye habari za mtoto kuvunjiwa haki zake azifikishe serikali za mitaa, na ipo simu ya bure namba 116 kwa ajili ya watoto. Vivyo hivyo kwa mtu anayetishia kuidhuru nafsi yake au ya mwingine: kuokoa roho kunatangulia. Hapo pia adabu ya amana inabaki. Aambiwe yule anayeweza kusaidia, si mtaa mzima.

Mwisho, tunawausia wanafunzi wetu na familia zao. Ukimwona mtu anatoka katika ofisi ya ushauri, usimuulize alifuata nini. Mzazi, mtoto wako akikataa kukueleza siri ya rafiki yake, na hakuna hatari ndani yake, mkumbuke mama yake Anas. Na wewe mwanafunzi, mwenzako akikueleza jambo huku akitazama pembeni, jua umekabidhiwa kitu, na kesho utaulizwa.

Watu wa mtaa wetu watazileta shida zao pale tu watakapoamini kwamba zitabaki pale. Siku imani hiyo ikivunjika mara moja, mlango utakuwa wazi na hakuna atakayeingia, na wenye kuumia watakuwa ni wale wale tuliotaka kuwasaidia.

Tunamuomba Allah (S.W.) atusitiri duniani na akhera, na atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kuchunga amana. Amin.

Wabillahi tawfiq.