Kila simu ina video ya nyoka, lakini dawa iko wapi?

Ingia TikTok uandike "nyoka" uone. Mmoja amejivika chatu shingoni kama skafu. Mwingine anamchokoza swila kwa mti wa ufagio huku mbogi yake ikicheka. Mwingine anaonyesha nyoka aliyepondwa mawe kisha akamwagiwa mafuta ya taa, na watu wanaangusha emoji za moto. Halafu siku moja ujumbe unaingia kwenye WhatsApp ya ploti: mtoto wa fulani ameumwa, nani anajua hospitali yenye dawa? Hapo kimya. Vicheko vinaisha.

Stori ya nyoka hapa Kenya tumeiweka upande wa burudani na uchawi. Mimi nasema mahali pake ni afya, sheria na bajeti. Wacha tuipige darubini.

Kwanza tuachane na hii dhana kwamba ni shida ya Baringo na Kitui pekee. Kweli, huko wanaumia sana, hasa wachungaji na watu wa shamba. Lakini angalia vile Nairobi inatanuka: Kitengela, Syokimau, Ruai, Joska. Keja zinamea mahali ambapo juzi tu palikuwa malisho. Taka zinarundikana nyuma ya ploti, panya wanazaana, na nyoka anafuata chakula chake. Hakutumwa na jirani yako.

Kidunia, Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba watu kama milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka, na kati ya 81,000 na 138,000 hufa. Wengine wengi hukatwa mguu au mkono, au hupofuka. Ndiyo maana mwaka wa 2017 WHO iliingiza sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyopuuzwa, na mwaka wa 2019 ikaweka lengo la kupunguza vifo na ulemavu huo kwa nusu kufikia 2030. Hiyo 2030 iko hapo tu kwa kona.

Sasa tuje kwa serikali yetu. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ilisema mtu akiuawa na mnyama aliyetajwa kwenye orodha, familia inalipwa Sh5 milioni. Ulemavu wa kudumu Sh3 milioni, na majeraha mengine hadi Sh2 milioni. Nyoka wenye sumu walikuwa kwenye orodha hiyo. Madai yakamiminika, deni likapanda, na mwaka wa 2018 sheria ikarekebishwa, nyoka wakafutwa. Ndovu akikukanyaga, una kesi. Koboko akikugonga ukichota maji, pole sana, nenda nyumbani.

Unaweza kuwatetea. Nyoka hana uzio wala mchungaji, na ni vigumu kuthibitisha nani aliumwa na nini. Sawa, hiyo ni hoja. Lakini ukiniondolea fidia, si basi unipe matibabu? Pesa uliyookoa kwa kutolipa ungeinunulia dawa, ili watu wasife mwanzo. Sikumaliza chuo, lakini hesabu hiyo haihitaji digrii.

Dawa yenyewe si Panadol. Ya kukabili sumu ya nyoka hutengenezwa kwa kumdunga mnyama, mara nyingi farasi, sumu kidogo kidogo hadi mwili wake ujenge kinga, kisha kinga hiyo inatolewa kwenye damu na kusafishwa. Ili uanze, lazima mtu amkamue nyoka sumu kwa mikono yake. Chupa moja ni maelfu ya shilingi, na mgonjwa huhitaji chupa kadhaa. Baadhi ya aina lazima zikae kwenye friji, na unajua stima yetu.

Tena si dawa yoyote tu. Kampuni ya Sanofi ya Ufaransa iliacha kutengeneza Fav-Afrique, dawa iliyotegemewa sana Afrika, mwaka wa 2014, na shehena ya mwisho ikaisha muda 2016. Pengo likajazwa na dawa za bei rahisi, nyingine zikiwa zimetengenezwa kwa sumu ya nyoka wa Asia. Huko Ghana, hospitali moja ilipobadilisha dawa, vifo vya walioumwa vilipanda kutoka asilimia 1.8 hadi 12.1. Kwa hivyo waziri wa afya wa kaunti akisimama kusema "tumenunua dawa ya nyoka", swali la pili ni: ya nyoka gani?

Na Kenya bado tunaagiza kutoka nje. Wataalamu tunao. Kituo cha utafiti wa sumu ya nyoka kiko hapo Karen, ndani ya Taasisi ya Utafiti wa Nyani. Kule Watamu kuna Bio-Ken, iliyoanzishwa na James Ashe mwaka wa 1980, ambapo watu wamekamua sumu na kusaidia walioumwa kwa miaka na mikaka. Kinachokosekana ni ganji na nia.

Hawa wanaofanya kazi hiyo hawashiki nyoka kama vile unaona kwenye TikTok. Hutumia fimbo yenye ndoano, hawafanyi kazi peke yao, na mbele ya swila anayetema sumu huvaa miwani. Wakitaka kumtibu nyoka mkali, humwingiza kichwa kwenye bomba la plastiki linaloonyesha ndani, hivyo hawezi kugeuka. Wanajua pia nyoka anaugua: utitiri wa ngozi, vidonda vya mdomo, mapafu yakipata baridi. Mwili wake hutegemea joto la nje, kwa hivyo ukimweka mahali baridi chakula hakisagiki. Ukimbebabeba akiwa ameshiba, anakitapika.

Sasa wewe unataka kufuga chatu kwa keja ya bedsitter ndio upate wafuasi? Bila kibali cha KWS ni kosa, na kobe wa kuokota barabarani pia yumo. Ukidhani mahakama haijali viumbe vidogo, kumbuka Mei 2025: watu wanne, wakiwemo vijana wawili wa Ubelgiji wenye miaka 19, walitozwa faini ya Sh1 milioni kila mmoja kwa biashara ya sisimizi. Sisimizi, msee! Tena kobe na mijusi hubeba bakteria ya salmonela, kwa hivyo ukimshika ukakula bila kunawa, tumbo litakueleza. Na yule jamaa anayekwambia nyoka wake "ametolewa meno"? Meno ya sumu huota tena.

Akikuumwa mtu wako, fanya hivi. Mtulize, asikimbie. Mvue pete, saa, bangili na kiatu kabla hajavimba. Funga mkono au mguu kwa ubao usichezecheze, bila kukaza kamba ya kuzuia damu. Mpeleke hospitali mara moja. Usichanje, usinyonye sumu, usiweke jiwe jeusi, usimpe chang'aa, usimguse na waya wa betri. Hivyo vyote vinakula dakika tu. Sumu ikiingia machoni, osha kwa maji mengi safi, kisha nenda hospitali. Nyoka mwenyewe muache. Ukiweza kumpiga picha kwa mbali, sawa, lakini hata kichwa kilichokatwa kinaweza kuuma.

Gari likikosekana, boda inatosha. Kule Damak, Nepal, waliwapanga watu wa kujitolea wenye pikipiki wabebe walioumwa, mgonjwa akikaa katikati ya dereva na mtu wa kumshika, na wakaelimisha vijiji. Vifo vikashuka kutoka asilimia 10.5 hadi 0.5. Sisi boda tunazo kila kona. Lakini Damak ilifanya kazi kwa sababu mwisho wa safari kulikuwa na dawa. Hapa kwetu boda inaweza kukufikisha haraka kwenye friji tupu.

Kwa hivyo mpira uko kwa nani? Tangu ugatuzi, hospitali nyingi za umma ziko chini ya kaunti. Kila mwaka kaunti huita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti, na ukumbi hujaa wazee na viti. Vijana tuko mtandaoni tukicheka video. Mwaka huu nenda na maswali matatu kwenye karatasi. Hospitali gani ya kaunti yetu ina dawa ya sumu ya nyoka leo, chupa ngapi? Inakabili nyoka wa hapa, yaani kifutu, swila na koboko? Nani amefunzwa kuitumia usiku wa Jumapili?

MCA akikosa jibu, mrekodi. Hiyo video ipostiwe kwanza, ya chatu ingoje.