Aliyepiga Besi Alipwe kama Mpiga Besi

Kijana mmoja niliyewahi kumfundisha alialikwa kutumbuiza katika hafla ya taasisi moja ya umma. Alifika na gitaa lake la besi, kompyuta mpakato na kisanduku kidogo cha kuunganishia. Kwa muda wa saa mbili alipiga besi, na kwa nyuzi zilezile akatoa sauti za fidla, tarumbeta na kinanda zilizotengenezwa na programu za sintesaiza ndani ya kompyuta. Baada yake akapanda mwimbaji mwenye jina, akachezesha midomo juu ya wimbo uliorekodiwa studio. Siku ya malipo, mwimbaji alipewa chake chote. Kijana alipewa nusu, kwa maelezo kwamba muziki wake "ulitoka kwenye kompyuta".

Nimeambiwa kwamba kisa hiki ni kidogo mno kuandikiwa makala. Sikubali. Nusu ile iliyokatwa inabeba fikra nzima, nayo ni kwamba kazi hupimwa kwa chombo kinachoonekana mezani, si kwa mtu anayeitenda. Fikra hiyo ni potofu, na katika suala hili la muziki upotofu wake unaweza kuthibitishwa kwa hesabu.

Tuanze na kile alichokuwa akikifanya. Uzi mnene kuliko yote katika besi ya nyuzi nne, ukipigwa wazi, hutetemeka takriban mara 41 kwa sekunde. Mtetemo mmoja basi huchukua kama milisekunde 24. Programu inayotambua noti kwa kawaida huhitaji kusikiliza mtetemo mmoja kamili au zaidi kabla ya kuitambua, kuigeuza kuwa amri na kuikabidhi sintesaiza itoe sauti. Uchelewaji huo ni mdogo kwa msikilizaji, lakini kwa mpigaji anayepaswa kwenda sambamba na dramu ni mzigo. Gitaa la solo lina nafuu, maana nyuzi zake hutetemeka kwa kasi zaidi. Ndiyo maana baadhi ya wapiga besi hupanda juu ya shingo ya gitaa, mahali ambapo mtetemo ni mfupi, kisha wakaiagiza programu ishushe sauti kwa oktavu moja. Kubuni namna hiyo ya upigaji, na kuizoea hadi vidole viache kujiuliza, ni kazi ya miezi mingi.

Tena si hayo tu. Mpigaji akiacha uzi wa jirani uvume, programu huweza kuusikia na kupiga noti ambayo hakuikusudia. Kidole kizembe, ambacho katika besi ya kawaida hufichwa na mvumo wa spika, hapa hutangazwa ukumbini kwa sauti ya tarumbeta. Huyu si mtu aliyebonyeza kitufe akaenda kunywa soda.

Wanaokataa kazi ya namna hii husema wanalinda "ala halisi". Sawa, tuiulize ala halisi historia yake. Besi ya umeme ilienea duniani kupitia gitaa ambalo Leo Fender alilitoa Marekani mwaka 1951, akaliita Precision. Jina hilo lilitokana na mistari ya chuma iliyopangwa shingoni, ambayo humwezesha mpigaji kupata noti sahihi bila kuitafuta kwa kidole na sikio, kama afanyavyo mpigaji wa besi kubwa ya kusimama. Kwa mantiki ya kamati ile, kila mpiga besi ya umeme angestahili nusu ya ujira, kwa kuwa mistari ya chuma imemfanyia nusu ya kazi! Kule Zanzibar, kikundi cha Culture Musical Club kimeidumisha besi ya kusimama katika taarabu yake, ilhali taarabu ya kisasa ilikwisha kupokea besi ya umeme na vinanda. Watu hubishana ipi ni tamu zaidi, na wana haki ya kubishana. Sijasikia mtu akidai kwamba mpiga besi ya umeme akatwe ujira.

Hofu ya mashine mpya si ya kwetu peke yetu. Mwaka 1982, tawi la London ya Kati la chama cha wanamuziki wa Uingereza lilipitisha hoja ya kutaka sintesaiza na mashine za ngoma zipigwe marufuku. Siwacheki, walikuwa wakitetea mkate wao. Lakini Januari 1983, katika maonyesho ya ala za muziki huko California, sintesaiza mbili za kampuni zilizokuwa zikishindana, Sequential Circuits ya Marekani na Roland ya Japani, ziliunganishwa kwa waya, moja ikapigwa na nyingine ikaitika. Ndivyo ulimwengu ulivyoonyeshwa MIDI, lugha ambayo hata leo ala na kompyuta huitumia kuelewana.

Na MIDI hubeba nini? Haibebi sauti. Hubeba maelezo ya tendo: noti ipi imepigwa, kwa nguvu kiasi gani katika kipimo cha 0 hadi 127, na imeachwa lini. Kwa maneno mengine, kilichokuwa kikipita katika waya wa yule kijana ni taarifa ya yale ambayo mkono wake ulikuwa ukiyatenda wakati uleule, mbele ya wageni. Kilichopita katika waya wa mwimbaji ni kumbukumbu ya kazi iliyofanyika siku nyingine, mahali pengine. Kamati ikaiita ya kwanza udanganyifu, na ya pili ikaiita burudani.

Ipo hoja nzito zaidi, nami siikwepi. Mpiga besi mmoja anayetoa sauti za fidla na tarumbeta anaweza kuchukua nafasi ya wanamuziki watatu. Ni kweli. Lakini tuwe wakweli pia kuhusu nani aliyewaondolea riziki hao watatu. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wenye mshahara. Mfumo wa bendi zilizobebwa na mashirika na taasisi za umma ulidhoofika pale taasisi zenyewe zilipodhoofika au zilipoamua kwamba muziki si jukumu lao. Uamuzi wa bajeti haukupitishwa na sintesaiza. Anayetaka wapiga tarumbeta warudi na aweke fungu la kuwalipa. Kumkata mpiga besi hakumrudishi hata mmoja.

Kwa hiyo, ndugu zangu watumishi wa umma mnaoketi katika kamati za hafla, napendekeza kipimo kimoja ambacho hakihitaji mtaalamu: mpigaji akiinua mikono yake, muziki unanyamaza? Ukinyamaza, huo ni muziki wa papo hapo, na alipwe kwa ukamilifu. Ukiendelea, ni rekodi, na mkataba useme hivyo. Tamasha la Sauti za Busara limejijengea heshima kwa kusisitiza muziki unaopigwa jukwaani. Heshima hiyo inalindwa kwa kuutazama mkono wa mpigaji, si kwa kukagua aina ya waya.

Nanyi wanamuziki mna wajibu. Ikiwa ngoma zimerekodiwa na besi pekee ndiyo inayopigwa, tamkeni hivyo kabla ya kusaini. Wanafunzi wangu, msisubiri mkopo wa vifaa vya kifahari: programu kama Pure Data na Surge hupatikana bila malipo na chanzo chake ki wazi, na kompyuta mnayoandikia tasnifu huenda ikatosha kuanzia.

Kijana yule hakulalamika. Alihofu asiitwe tena, na hofu hiyo ndiyo inayoziwezesha kamati kuendelea kukata. Nusu iliyobaki si hisani anayoombewa. Ni deni, na hadi ninapoandika haya halijalipwa.