Mzimu wa Sinema Humshitaki Nani?

Yeyote apitaye jioni karibu na nyumba za video katika mitaa ya Mangobo, Kabondo au Tshopo husikia mabishano ya watu watokao humo. Ikiwa picha iliyoonyeshwa ni ya vita au ya mpira, mabishano huisha kabla watu hawajafika njia panda. Lakini ikiwa ni picha ya mizimu, ya maiti arudiye usiku kuwatisha walio hai, mabishano hufuatana na watazamaji mpaka majumbani, huketi nao wakati wa chakula, na asubuhi huingia darasani pamoja na wanafunzi. Juma hili twataka kuyapima maneno hayo kwa akili na kwa imani, maana yamo mambo mazito ndani yake.

Maoni ya watazamaji yaweza kugawanywa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la wale wasemao, "Uongo mtupu! Ile ni rangi na unga tu, na yule aliyecheza maiti amekwisha kula ugali wake na kulala." Fungu la pili ni la wale wasemao, "La, hivyo ndivyo mambo yalivyo. Wageni hucheka, lakini sisi wenyeji twayajua." Fungu la tatu, nalo ni la vijana wengi, husema, "Kwa nini mnajisumbua? Hofu ni kama pilipili. Tunalipa ili tutetemeke, kisha tunacheka na kurudi nyumbani."

Kila fungu lina sehemu yake ya kweli. Wa kwanza wana haki kusema kwamba picha ni kazi ya wachezaji. Walakini hadithi iliyotungwa yaweza kufundisha kweli, nayo yaweza kufundisha uongo. Bwana wetu mwenyewe alifundisha kwa mifano, na hakuna mkristu aulizaye jina la mwenye nyumba ya wageni alikolazwa yule mtu aliyehurumiwa na Msamaria. Wa pili wana haki kuamini kwamba viumbe vyote havionekani kwa macho. Twaliungama jambo hilo kila Dominika katika Nasadiki. Lakini mashine ya kupiga picha haikuona mzimu hata mmoja, na haiwezi kuitwa shahidi. Wa tatu wana haki kupenda mchezo. Hata hivyo, pilipili aitakayo mtu mzima huingia pia machoni mwa mtoto wa miaka 6 aliyekaa mapajani pake.

Mafungu hayo yote huuliza kama mizimu ya sinema ni ya kweli au si ya kweli. Sisi twaona kwamba kuna swali lingine litanguliulo hilo, nalo ni hili: Mzimu huyu humshitaki nani? Atokapo katika nyumba ya video, mtazamaji huwa amefundishwa kumnyoshea mtu fulani kidole. Mtu huyo ni nani?

Na tuanze na picha iliyojulikana sana Afrika, "Living in Bondage", iliyotengenezwa Nijeria mwaka 1992 kwa lugha ya Kiigbo. Mtengenezaji wake aliitwa Kenneth Nnebue, na mwelekezaji wake Chris Obi Rapu. Watu wengi huhesabu kwamba biashara kubwa ya picha za video za Nijeria ilipata nguvu kutokana na picha hiyo. Baadaye picha za namna hiyo zilifika nchini kwetu pia, zikaonyeshwa katika televisheni za Kinshasa, na mfasiri akazieleza kwa Kilingala juu ya sauti za wachezaji. Hadithi yenyewe ni ya mtu mmoja aitwaye Andy, mwenye tamaa ya mali, ambaye anaingia katika chama cha siri na kumtoa mke wake, Merit, awe sadaka. Mali anaipata. Lakini Merit anamtokea, hamwachi kustarehe, na katika sehemu ya pili Andy anapotewa na akili mpaka anapoungama kosa lake.

Mzimu huyu anamshitaki nani? Anamshitaki mwuaji. Hamwandami jirani, wala mtoto, wala mkongwe. Msomaji wa Kitabu cha Mwanzo atakumbuka kwamba damu ya Abeli ililia kutoka ardhini juu ya Kaini, si juu ya mtu mwingine. Kwa hiyo, ingawa picha ina vitisho vingi, mtazamaji mwenye busara aweza kutoka humo akijiuliza, "Je, mali yangu imetoka wapi?" Swali hilo halimdhuru mtu.

Tutazame sasa picha ya pili, "The Exorcist", iliyotoka Marekani mwezi wa Desemba 1973. Mwelekezaji alikuwa William Friedkin, na mtunzi William Peter Blatty, mkatoliki aliyesoma kwa Mapadri Wayezuiti. Picha hii inatisha mno, wala hatuwashauri wazazi kuwaonyesha watoto. Binti wa miaka 12 anaingiwa na pepo mchafu. Lakini ni vema tuangalie jinsi wakubwa wanavyomtendea. Mama yake anampeleka kwanza kwa waganga wa hospitali, mmoja baada ya mwingine. Padri anayeitwa ni mwenye elimu ya magonjwa ya akili, na haamini upesi. Ruhusa inaombwa kwa Askofu. Mwishoni mapadri wawili wanakufa, na binti anapona. Hakuna amwambiaye mtoto kwamba yeye ni mwovu. Anayeshitakiwa ni Shetani, na wanaoumia kwa ajili ya mtoto ni watu wazima.

Utaratibu huo haukubuniwa na watu wa sinema. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1172, yakataza mtu yeyote kuwapungia pepo watu waliopagawa isipokuwa amepewa ruhusa ya pekee na iliyo wazi na Askofu wa mahali. Na Askofu humpa ruhusa hiyo padri tu, mwenye ibada, elimu, busara na maisha safi. Katekisimu yaagiza kwamba kwanza ihakikishwe kuwa jambo lenyewe si ugonjwa. Basi, mtu akija mlangoni pako na kusema kwamba ameona pepo ndani ya mwanao, na kwamba dawa yake ni kufunga chakula siku tatu, au pilipili machoni, au fimbo, ujue kwamba huyo hana ruhusa ya Kanisa, wala hana ruhusa ya Mungu.

Picha ya tatu ilipigwa hapa hapa Kongo, nayo ni "Rebelle" ya mwaka 2012, kazi ya Kim Nguyen wa Kanada. Ni habari ya Komona, binti wa miaka 12, ambaye waasi wanamteka kijijini kwake na kumlazimisha kuwaua wazazi wake kwa risasi. Porini mizimu ya wafu inamtokea, miili yao imepakwa weupe, nayo inamwonya adui anapokaribia. Kwa sababu hiyo mkubwa wa waasi anamfanya kuwa mchawi wake wa vita. Lakini mizimu ya baba na mama haimwachi. Komona anafanya safari ya kurudi kijijini ili awazike wazazi wake.

Juu ya mizimu hii watazamaji hawapatani. Wengine husema ni uchawi uliotukuzwa. Wengine husema ni ndoto za mtoto aliyeumizwa na vita. Twaona kwamba wafu hao hawaombi kisasi wala damu, waomba kaburi. Mji wetu wa Kisangani waelewa lugha hiyo. Tangu tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana kati ya nyumba zetu kwa mabomu mazito, na raia mamia wakafa. Mzimu wa Komona huwashitaki wenye bunduki waliowaua watu, na humkumbusha aliye hai wajibu wake kwa wafu. Sisi wakatoliki twaujua wajibu huo, maana kuwazika wafu ni tendo la huruma, na tarehe 2 Novemba twawaombea marehemu wote walio toharani.

Lakini sikilizeni jambo la ajabu kuliko hadithi yenyewe. Binti aliyecheza Komona, Rachel Mwanza, alipewa tuzo ya mchezaji bora wa kike katika tamasha la Berlin, Februari 2012. Kabla ya hapo alikuwa mtoto wa barabarani mjini Kinshasa. Mwenyewe amesimulia katika kitabu kilichotolewa mwaka 2014 kwamba alishitakiwa uchawi na kufukuzwa nyumbani. Dunia nzima ilimpigia makofi alipocheza mchawi wa vita, naye alikuwa amekwisha kuitwa mchawi na jamaa zake, pasipo sinema na pasipo makofi.

Hapo twafika kwenye namna ya nne ya picha, nayo ndiyo tunayoiogopa. Hatutaji jina la picha moja, maana ni nyingi na hufanana. Ndani yake biashara ya baba imeanguka, au mama ameharibu mimba. Anakuja mhubiri, anafumba macho, kisha anaonyesha kidole. Aonyeshwaye aghalabu ni mtoto wa kambo, au yatima aliyeletwa kutoka kijijini, au bibi mzee mwenye macho mekundu. Mtazamaji hurudi nyumbani kwake, ambako biashara yake pia imeanguka, na pembeni ya jiko amekaa yatima wa marehemu ndugu yake. Nani hawezi kuona yatakayofuata?

Yanayofuata yameonekana hapa Kisangani. Dieudo Hamadi, mwana wa mji huu aliyezaliwa mwaka 1984, alitoa mwaka 2017 picha iitwayo "Maman Colonelle". Humo hakuna wachezaji. Kila kitu ni cha kweli. Yamfuata Kanali Honorine Munyole, mwanamke polisi aliyehamishwa kutoka Bukavu kuja kwetu, mwenye kazi ya kuwalinda wanawake na watoto. Twawaona wanawake walioumizwa na ile vita ya siku sita, na twawaona watoto walioteswa kwa sababu wamesingiziwa uchawi. Ni watoto wembamba, wenye macho yanayotazama chini. Baraza la wakatoliki na waprotestanti lililokaa katika tamasha la Berlin mwaka huo liliipa picha hiyo tuzo. Twalifurahia tuzo hilo kwa haki, lakini lapasa pia kutuhuzunisha, kwa kuwa watoto wale ni wa mji wetu.

Wala asiwepo mtu wa kujitetea kwamba hakujua. Katiba ya nchi ya mwaka 2006, kifungu cha 41, yakataza kumsingizia mtoto uchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, yamhukumu mwenye kumshitaki mtoto uchawi kifungo cha mwaka 1 mpaka 3, pamoja na faini. Kwa hiyo mhubiri wa namna ile, ambaye katika sinema hupigiwa vigelegele, mbele ya hakimu ni mkosaji.

Je, tuwakataze watu wote kwenda kutazama? Mama Kanisa hakufanya hivyo. Baba Mtakatifu Pio XI katika barua yake ya tarehe 29 Juni 1936, na Pio XII katika barua ya tarehe 8 Septemba 1957, waliandika juu ya sinema kama juu ya chombo chenye nguvu ambacho hapana budi kupimwa. Kupima ni kazi ya kila mzazi na kila mwalimu.

Basi, baba na mama, mkiisha kutazama picha ya mizimu, msizime mashine na kwenda kulala kimya. Waulizeni watoto: Katika hadithi hii nani alitenda ubaya? Nani alisingiziwa? Kulikuwa na ushahidi gani, au neno la mtu mmoja tu? Mtoto wa miaka 10 aweza kujibu maswali hayo, na akizoea kuyajibu hatadanganywa upesi atakapokuwa mkubwa. Nanyi wanafunzi, mwenzenu akipewa jina la ndoki darasani kwa sababu ya mzaha wa picha ya jana, msicheke. Jina hilo hufika mpaka nyumbani kwao, na huko laweza kumfukuzisha.

Mwinjili Luka atueleza kwamba baada ya Ufufuko Mitume walimwona Bwana, wakatetemeka wakidhani kwamba waona roho. Yeye hakuwakaripia sana. Aliwaonyesha mikono na miguu, akawaambia wamguse, kisha akaomba chakula, akala samaki mbele yao. Wakati wa hofu, Bwana wetu aliwataka waliokuwa wakiogopa wamkaribie, wamguse, na wamlishe.

Nasi tufanye vivyo hivyo na yule yatima aliye pembeni ya jiko. Tumwite kwa jina lake la ubatizo, tumshike mkono, na tumpe samaki wake kama wenzake.