Acheni Kumlaumu Aliyebonyeza "Ruhusu"

Leo sitafundisha kuandika programu. Leo nimekuja kugombana, na ninaogombana nao ni mafundi wenzangu wa tarakilishi na simu.

Kila anayejua kidogo mambo ya kompyuta ameshaletewa simu au laptopu inayotapika matangazo. Unafungua gazeti, unatupwa kwenye tovuti ya kamari. Unatafuta kitu, majibu yanatoka kwenye injini ya utafutaji ambayo hujawahi kuisikia. Umeweka simu mezani, inalia: "Simu yako ina virusi 13! Bonyeza hapa kusafisha." Na sisi, kabla hata hatujaishika hiyo simu, swali letu la kwanza ni lile lile: "Ulibonyeza nini?"

Swali hilo silitaki tena. Nitawaambia kwa nini.

Shangazi yangu anauza nguo, na biashara yake yote iko kwenye simu: picha za mizigo, namba za wateja, M-Pesa. Mwaka jana simu hiyo ilianza kuleta matangazo, mengine yakiwa na picha ambazo mama wa kanisa hataki kuonekana nazo. Akaipeleka kwa fundi mjini. Fundi akamuuliza mbele ya foleni nzima, "Mathee, kwani umekuwa ukifungua tovuti gani?" Watu wakacheka. Kisha akaifuta simu yote na kumlipisha shilingi 500. Zikaenda picha za mizigo, zikaenda namba za wateja, na zikaenda picha za mwisho za nyanya yangu, zilizopigwa hospitalini kabla hajafariki. Hazikuwa zimehifadhiwa mahali pengine popote.

Baada ya wiki mbili matangazo yakarudi.

Alinipigia simu jioni, sauti ya chini. "Mwanangu, mimi sikufungua kitu kibaya." Sikuwa nimemuuliza. Alikuwa ameshajifunza kujitetea kabla ya kueleza shida yake.

Nilipoiangalia simu haikunichukua dakika tatu. Hapakuwa na kirusi. Kulikuwa na tovuti moja tu kwenye orodha ya arifa za kivinjari chake, tovuti anayotafutia maneno ya nyimbo za kwaya. Ukiifungua, unaambiwa ubonyeze "Ruhusu" ili kuthibitisha kwamba wewe si roboti. Akabonyeza, kwa sababu sote tumezoeshwa kuthibitisha kila siku kwamba sisi si roboti. Kumbe kitufe kile ni idhini ya kutuma arifa kwenye simu yake usiku na mchana, hata tovuti ikiwa imefungwa. Fundi alipoifuta simu, idhini ilifutika nayo. Shangazi aliporudi kutafuta wimbo, akaulizwa tena, akabonyeza tena. Yaani zile shilingi 500 na zile picha zilikwenda bure.

Sasa nikiri jambo. Kitufe kama kile nimewahi kukiandika mimi.

Katika kazi yangu ya kwanza baada ya chuo, tulikuwa na tovuti ya habari na udaku. Bosi alitaka idadi ya waliokubali arifa iongezeke. Nikaandika mistari michache: ukurasa unafifia, mshale unaelekea kwenye neno "Ruhusu", na chini yake maneno "Bonyeza Ruhusu kuendelea kusoma". Tulijaribu maneno ya aina tatu kwa wasomaji, tukabaki na yale yaliyonasa wengi zaidi. Mkutano wa Jumatatu nilipigiwa makofi.

Katika ofisi ile hakuna aliyesema wasomaji wetu ni wajinga. Tulijua vizuri kwamba wana haraka, bando lao ni dogo, na wanataka kusoma habari moja kisha warudi kazini. Tulipima haraka yao na tukaitumia. Kwa hiyo ninapomsikia fundi akisema "hawa watu hubonyeza kila kitu", nakumbuka kwamba mtego ule uliandikwa na mtu mwenye digrii ya sayansi ya kompyuta, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba unabonyeza.

Ujanja huu si wa leo. Dirisha ibukizi lilianza miaka ya 1990 katika kampuni ya Tripod, Marekani. Aliyeandika msimbo wake ni Ethan Zuckerman, ambaye mwaka 2004 alishiriki kuanzisha Global Voices, tovuti ambayo wengi tumeisoma kwa Kiswahili. Mwaka 2014 aliandika katika jarida la The Atlantic kwamba tatizo lilikuwa tangazo la kampuni ya magari kutokea kwenye ukurasa wa ngono, kwa hiyo wakalitoa tangazo kwenye ukurasa na kulipa dirisha lake. Akaomba radhi. Mimi namheshimu kwa hilo. Wengine wengi hawakuomba.

Mfano ni Zango, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikijificha ndani ya programu za bure. Ulipakua mchezo, ukapata na mzigo ambao hukuuagiza. Tume ya Biashara ya Serikali Kuu ya Marekani ilisema programu hizo ziliwekwa kwenye kompyuta mara zaidi ya milioni 70 na kuonyesha matangazo zaidi ya bilioni 6.9. Mwaka 2006 kampuni ikakubali kutoa dola milioni 3. Pigeni hesabu: ni senti moja ya dola kwa kila matangazo 23. Kama faini ndiyo hiyo, nani ataogopa?

Mtaniambia, "Lakini aliyepakua alibonyeza 'Endelea, Endelea, Maliza' bila kusoma." Haya, tuwaangalie wale ambao hawakubonyeza chochote.

Mwaka 2014 Lenovo ilianza kuuza laptopu zenye programu inayoitwa Superfish, imewekwa tayari kutoka kiwandani. Ili iweze kuchomeka matangazo hata kwenye kurasa zilizofichwa kwa usimbaji, iliweka cheti chake chenyewe ndani ya Windows. Cheti ndicho kinachokiambia kivinjari kwamba tovuti ya benki ni ya benki kweli. Mbaya zaidi, ufunguo wa siri ulikuwa ule ule kwenye kila mashine. Jambo hilo lilipofichuka Februari 2015, haikuchukua muda mtaalamu mmoja akalipata na neno la siri lililoulinda. Aliyekaa na wewe kwenye Wi-Fi ya mkahawa angeweza kujifanya benki yako. Mteja huyo alibonyeza nini? Alibonyeza kitufe cha kuwasha.

Na tusidhani hayo ni ya Wazungu peke yao. Mwaka 2020 kampuni ya usalama ya Upstream ilieleza kwamba simu za Tecno W2 zilizouzwa katika nchi kama Afrika Kusini, Ethiopia, Kamerun, Misri na Ghana zilikuwa na Triada na xHelper ndani yake. Programu hizo zilikuwa zikimsajili mwenye simu kwenye huduma za kulipia bila yeye kujua. Upstream ilihesabu miamala ya kutiliwa shaka milioni 19.2 kutoka kwa simu zaidi ya 200,000. Transsion, mwenye chapa ya Tecno, ilikiri kwamba zilikuwemo katika baadhi ya simu hizo na kumtupia lawama mshirika mmoja katika mnyororo wa ugavi. Hizo ni simu za bei nafuu, zinanunuliwa na watu wanaohesabu kila shilingi ya salio. xHelper ilijulikana kwa kurudi hata baada ya simu kufutwa yote. Kwa hiyo hata ile dawa yetu ya "futa tu kila kitu" hapo haifui dafu.

Hata mtumiaji mwangalifu hayuko salama. The Great Suspender kilikuwa kiendelezi kizuri cha Chrome, kikitumiwa na watu zaidi ya milioni 2. Mwaka 2020 mwenye nacho akakiuza. Mmiliki mpya akaingiza msimbo wa kutiliwa shaka kupitia masasisho ya kawaida, na Februari 2021 Google ikakiondoa kwa kuwa na programu hasidi. Waliokuwa nacho walikichagua vizuri, walisoma sifa zake, wakafanya kila tunachowahubiria. Kilibadilika wakiwa wamelala.

Kuna wanaosema intaneti ya bure inalipwa na matangazo, kwa hiyo tuvumilie. Mimi sina ugomvi na matangazo. Gazeti lina matangazo, redio ina matangazo. Lakini muuza sabuni anayetangaza redioni haji usiku kubadilisha kufuli ya mlango wako. Anayebadilisha injini yako ya utafutaji, anayejificha ili usimwondoe, anayekudanganya kwamba una virusi 13, huyo hatangazi. Anaiba muda wako, bando lako na, siku ikiwa mbaya, pesa zako.

Na sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka ridhaa iwe ya wazi, ya hiari, mahususi, na itolewe na mtu aliyeelezwa anachokubali. Kifungu cha 32 kinamtwika anayekusanya data mzigo wa kuthibitisha kwamba alipewa ridhaa. Someni hapo mara mbili. Mahali ambapo tovuti inachukua data ya shangazi, si yeye wa kueleza kwa nini alibonyeza. "Ruhusu" iliyopatikana kwa kumwambia mtu athibitishe kwamba si roboti haiwezi kuwa ridhaa ya mtu aliyeelezwa anachokubali. Huo ni utapeli.

Kwa mafundi, basi, hiki ndicho ninachowaomba mfanye kabla ya kufuta simu ya mtu:

1. Angalia arifa kwanza. Kwenye Chrome ya simu: vitone vitatu, Mipangilio, kisha Arifa ndani ya Mipangilio ya Tovuti. Ondoa kila tovuti ambayo mwenye simu haitambui. Ukishikilia arifa yenyewe kwa kidole, simu itakuonyesha imetumwa na nani.

2. Kama matangazo yanatokea hata kivinjari kikiwa kimefungwa, angalia programu zilizowekwa karibuni, hasa za tochi, za "kusafisha simu" na za kubadilisha mandhari. Angalia zipi zimepewa ruhusa ya kuonekana juu ya programu nyingine.

3. Kwenye kompyuta, pitia viendelezi vyote, kisha injini ya utafutaji na ukurasa wa kwanza. Panga programu za Windows kwa tarehe uone nini kiliingia siku matatizo yalipoanza. AdwCleaner ya Malwarebytes ni ya bure na inasaidia.

4. Muwekee kizuizi cha matangazo. uBlock Origin inafanya kazi kwenye Firefox, hata ya Android. Kwenye Chrome ile kamili iliondolewa, imebaki ndogo yake, uBlock Origin Lite. Kwamba Chrome inatengenezwa na kampuni inayoishi kwa matangazo, hilo nawaachia mlitafakari.

5. Ikibidi kufuta, hifadhi picha na namba kwanza. KWANZA! Na umwambie mwenye simu ni nini kilichotokea, kwa sauti ya chini, kama daktari.

Kwa wenzangu tunaoandika programu, ombi ni moja tu. Bosi akija na mshale unaoelekea "Ruhusu", kataa. Najua kukataa kuna gharama. Mimi sikukataa, nilikuwa na kodi ya nyumba ya kulipa. Lakini tunaweza kuuliza mkutanoni, mbele ya watu: huyu msomaji anajua anakubali nini? Liulizwe na liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Mtego hauwi rahisi kuutega ukishaitwa mtego. Mistari ile niliyoiandika niliiacha ikifanya kazi nilipohama, na sijui iliwasumbua watu wangapi baada ya hapo.

Picha za nyanya hazikupatikana. Nilijaribu kila programu ninayoijua ya kurudisha mafaili, ikashindikana. Shangazi aliniambia nisijisumbue, kisha akaniuliza kama ni vibaya kuendelea kufungua ile tovuti ya nyimbo. Nikamwambia, shangazi, wewe fungua. Nimeshakuwekea kizuizi.

Kwa leo naishia hapo. Mkiletewa simu kesho, anzeni na arifa, na lile swali liacheni.