Jiko limebomolewa, oda je?

 Leo naongea na ninyi mnaopika nyumbani na kuuza kwa WhatsApp na Instagram. Siku ukiamua kukarabati jiko utaambiwa, "Funga kwanza, mteja wa kweli atasubiri." Mimi sikubaliani. Mteja wa chakula ana njaa leo. Akikukosa mara mbili, anasevu namba ya mwingine.

Mimi niko Ruaha Mbuyuni, barabara kuu ya Morogoro na Iringa. Napika pilipili ya chupa, natuma kwa mabasi. Fundi aliniambia siku 5. Zikawa 21.

Hasara ya kwanza haikutoka kwa wateja, ilitoka kwenye sahani zetu wenyewe. Jioni ya kwanza tulinunua chipsi mayai, ya pili tena, tukaona raha. Piga hesabu: sahani 3,000, tuko watano, ni 15,000 kila jioni. Kwa siku 21 ni 315,000, na hapo sijagusa chai wala cha mchana. Hela hiyo inatoka wapi kama siyo kwenye mtaji wa chupa na mafuta? Siku ya nne nikashtuka.

Nikaingiza jiko la mkaa sebuleni, nikafunga madirisha ili vumbi la saruji lisiingie. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Mkaa ulikolea, hauna moshi, nikajiona niko salama. Baada ya muda mtoto analalamika kichwa, mimi mwenyewe kizunguzungu. Ile ni hewa ya kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na inaua watu wakiwa wamelala. Tukatoka nje wote. Tangu siku ile mkaa ni uani tu, na hata ule mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 napikia penye hewa.

Nikajipanga upya. Maharage yanachemka alfajiri kabla fundi hajafika, jioni ni kuunga tu na kusonga ugali. Vyombo vinaoshwa kwenye mabeseni mawili na kufunikwa. Ndoo yangu ya unga fundi aliichotea saruji. Basi, nimempa moja kwa moja, hairudi kwenye chakula.

Sasa biashara. Wapo walionishauri nipike pilipili hapohapo uani, eti mteja haoni. Kweli haoni. Lakini vumbi linaiona chupa iliyo wazi. Chakula cha nyumbani nafunika na tunakila leoleo. Pilipili inasafiri, inakaa kwa mtu wiki nzima, na joto la huku mnalijua. Nikasimamisha.

Nikapiga picha jiko lilivyobomolewa, nikaweka stetasi: "Jiko liko kwa fundi, pilipili hakuna mpaka nitangaze. Vitunguu vya Ruaha vipo." Waliokwisha kulipia niliwarudishia hela siku ileile. Wawili wakasema acha ibaki, tutumie vitunguu.

Kitunguu hakihitaji jiko. Nachagua kilichokauka shingo, kisicholainika, naweka kwenye mfuko wa wavu maana kwenye nailoni kinavuja jasho na kuoza. Nampa kondakta, namtumia mteja picha ya basi na namba yake. Faida ni ndogo kuliko ya pilipili, sidanganyi, na bei ya kitunguu leo iko juu kesho iko chini. Ila jina langu halikupotea kwenye simu za watu, na chakula cha nyumbani kilipatikana humo humo.

Kosa langu jingine: niliwatangazia wateja siku zilezile 5 za fundi. Nikabaki kuomba radhi kila baada ya siku mbili, aibu tupu. Ukiambiwa siku 5, wewe tangaza wiki mbili. Ukimaliza mapema hakuna atakayelalamika.

Jiko limekamilika Alhamisi. Kuta bado zinanuka rangi, kwa hiyo pilipili naanza Jumatatu. Vitunguu siachi.